Mbao Ikigoma Kupita kwenye Mashine ya Randa ya Mezani

Mbao inaingia vizuri, inakwenda sentimita ishirini hivi, halafu inaganda. Visu bado vinazunguka, mlio umegeuka kuwa wa kukoroma, na pale mbao iliposimama panaanza kutoka moshi mwembamba. Ukiisukuma kwa nyuma inasogea kidogo na kusimama tena. Ikitoka upande wa pili ina mabonde na michirizi myeusi, na karakana nzima inakubaliana kwamba mota imechoka.

Mota huonewa sana. Kwenye mashine hizi ndogo ni mara chache iwe ndiyo chanzo, na sababu inaonekana ukijua nguvu inapitia wapi. Chukua Makita 2012NB yenye upana wa milimita 304, au DeWalt DW734 na DW735 ambazo wengi wanazipata mtumba kutoka Marekani. Zote zina mota moja inayofanya kazi mbili. Mkanda unatoka kwenye mota kwenda kwenye kichwa cha visu; kutoka kichwani nguvu inapita kwenye gia za kupunguza mwendo, na cheni inazungusha rola mbili za mpira, moja kabla ya visu na nyingine baada yake. Visu vinazunguka kinyume na mwendo wa mbao. Maana yake kila kisu kinachogusa mbao kinairudisha kule ilikotoka, na kinachoishinda nguvu hiyo ni msuguano wa mpira juu ya mbao, basi. Rola hizi hazina meno kama zile za mashine kubwa za viwandani. Kwa hiyo mbao ikigoma, ama rola hazishiki, ama kuna kitu kinaikaza kupita uwezo wake. Kazi yote ya kutafuta tatizo ni kujua ni lipi kati ya hayo mawili, na fundi anayeanza kufungua bolti kabla ya kulijua hilo atafungua mashine nzima.

Kabla ya yote, namna ya kuitoa mbao iliyoganda. Zima, chomoa plagi, subiri kichwa kisimame kabisa, pandisha kichwa nusu mzunguko wa mkono wa mashine, ndipo uvute. Usiinue kichwa visu vikizunguka, usichungulie kwenye mdomo wa mashine, na usisimame sawa na mstari wa mbao. Ikirushwa inakuja kwa kasi kubwa.

Tenganisha kuvuta na kukata

Rola zimening'inia chini kidogo ya ncha za visu, kwa kawaida kati ya milimita 0.5 na 1, na springi kila upande zinazisukuma chini. Hilo linakupa kipimo kizuri kisichohitaji chombo chochote. Tafuta mbao kavu ya paini, urefu mita 1, upana kama milimita 100, iliyokwisha kupigwa randa pande zote mbili ili unene usibadilike. Pandisha kichwa mpaka mbao ipite bila kuguswa. Kisha shusha robo mzunguko, washa, ingiza, itoe, shusha tena kidogo. Utafika mahali rola zinaibana na kuivuta lakini visu havitoi hata unga. Hapo unaangalia kuvuta peke yake.

Hesabu muda kwa simu. Makita 2012NB inavuta mita 8.5 kwa dakika, kwa hiyo mita 1 inapita kwa sekunde 7. DW735 ina mwendo wa aina mbili: wa haraka ni futi 26 kwa dakika, yaani sekunde 8 hivi kwa mita, na wa taratibu ni futi 14, kama sekunde 14. Ukipata sekunde 10 au 11 mahali panapotakiwa 7, rola zinateleza hata kama jicho halioni.

Ikisuasua wakati visu havigusi, tatizo liko kwenye meza, rola au cheni, na kunoa visu hakutasaidia kitu. Ikipita vizuri bila kukata lakini ikaganda ukishusha nusu milimita, angalia visu na maranda. Ikipita vizuri mbao hii ya majaribio na kugoma ile ya kazi, mashine haina kosa. Mwenye kosa ni mbao, au wewe uliyeikata kina kirefu mno.

Sehemu inaposimama nayo inasema. Ikigoma pale tu visu vinapoanza kula, shuku rola ya mbele au visu. Ikigoma ncha yake inapofika rola ya nyuma, kuna maranda yamejaa pale. Ikisafiri yote na kubaki ndani kipande cha mwisho cha sentimita 10 au 15, rola ya mbele imeshamaliza kazi yake na ya nyuma haivuti.

Meza

Watu wanaifikiria rola iliyo juu na kuisahau meza iliyo chini, ilhali rola ikikandamiza mbao, meza nayo inaikaza kwa nguvu ileile. Utomvu wa paini ukiganda mezani kama matone ya gundi, au kutu ikianza, msuguano wa chini unapanda na unaweza kuushinda wa juu. Pwani hili halina mchezo: mbao mbichi ikilazwa juu ya meza ya chuma usiku mmoja tu, asubuhi kuna ramani ya kutu.

Safisha kwa kitambaa na spiriti. Kutu iondoe kwa msasa namba 400 na matone machache ya mafuta ya taa, futa mpaka kitambaa kitoke kisafi. Halafu paka nta. Nta maalumu ya samani ni nzuri, lakini mshumaa mweupe wa dukani unafanya kazi hiyohiyo: sugua juu ya meza yote pamoja na mabawa yake ya mbele na nyuma, kisha futa kwa kitambaa kikavu mpaka usione tabaka lolote bali mkono uteleze. Kwa kazi ya kila siku rudia kila wiki. Usitumie dawa ya kupuliza yenye silikoni. Itahamia kwenye mbao, na siku ya kupiga vanishi utaona macho madogo madogo ambayo rangi haitaki kukaa. Oili ya injini nayo iache, inachafua mbao na kukusanya vumbi.

Na nta isiguse rola. Imeshatokea karakanani mtu akapaka kila kinachoonekana.

Mara nyingi tatizo linaishia hapa mezani. Rudia kipimo cha sekunde kabla ya kuendelea.

Rola

Chomoa plagi. Fungua kifuniko cha upande wa mkanda ili uzungushe puli kwa mkono. Kwa sababu ya gia, puli inazunguka mara nyingi sana rola ikizunguka mara moja, kwa hiyo inahitaji subira. Vaa glavu za ngozi, visu viko jirani. Futa mpira kwa kitambaa kilicholoweshwa spiriti au maji ya sabuni kisha kukamuliwa. Thina, petroli na asetoni zinavimbisha mpira au kuufanya ubanduke. Fundi anayesafishia thina anafurahi siku mbili, ya tatu anatafuta rola mpya.

Mpira mzima unashika kidole gumba ukiusukuma. Uliokufa unang'aa kama plastiki na kucha haiachi alama. Ukiwa unang'aa tu lakini bado ni laini, zungushia msasa namba 180 na kuusugua kidogo, upana mzima sawasawa, mpaka uso uwe na ukungu. Lengo ni kuondoa mng'ao. Ukipunguza kipenyo umejitengenezea tatizo jingine.

Weka rula iliyonyooka juu ya rola kwa urefu. Kwenye mashine nyingi za zamani utaona mwanga katikati, kwa kuwa kila mtu anapitisha mbao zake nyembamba hapo hapo katikati. Rola ya namna hiyo inashika mbao pana kwenye kingo tu. Kama bado haijalika sana, anza kupitisha mbao nyembamba kushoto na kulia. Ikishalika, hakuna dawa isipokuwa kubadilisha au kuvalishwa mpira upya na mafundi wanaovalisha rola za mashine za uchapaji. Ukienda huko beba na vipimo vya kipenyo cha ncha za rola, ambako mpira haujaguswa.

Kuna kosa moja linalowasumbua hata wazoefu: mpira umeachana na chuma. Ekseli inazunguka, cheni nzima, gia nzima, ukitazama bila mbao rola inazunguka, lakini ikibana mbao mpira unabaki umesimama na ekseli inazunguka ndani yake. Chukua chaki, chora mstari mmoja mwishoni mwa rola unaopita juu ya mpira na kuendelea kwenye chuma. Pitisha mbao, zima, chomoa, tazama. Mstari ukiwa umekatika, yaani nusu ya mpira iko mahali pengine na nusu ya chuma mahali pengine, umemaliza uchunguzi.

Springi nazo. Mbao ikiwa inavutwa upande kila mara, upande uleule, basi springi ya upande mmoja imelegea au nyumba ya bushi imejaa utomvu na haipandi na kushuka. Sukuma rola juu kwa kipande cha mbao, kushoto kisha kulia. Lazima zirudi kwa nguvu sawa.

Mbao yenyewe

Hapa ndipo mashine za kwetu zinapoteseka kuliko zinavyotarajiwa na walioziunda. Vitabu vyake vinadhani mbao imetoka kiwandani ikiwa na unene mmoja. Mbao nyingi za mninga na mkongo zinapasuliwa kwa msumeno wa mnyororo, na si ajabu ubao ulionunuliwa kama inchi 1 kuwa na milimita 22 mwanzo, 29 katikati na 25 mwisho. Ukipima kwenye ncha ya milimita 22 na kutega kichwa hapo, katikati unaiambia mashine ikate milimita 7 kwa mara moja, wakati kikomo chake ni 3, na hiyo ni kwa mbao nyembamba. Kwenye mashine nyingi ukingo wa mbele wa mdomo wa mashine ndio utakaoizuia, na dalili yake ni kwamba mbao inasimama bila mlio wa visu kubadilika.

Pima unene kwa kalipa kila nusu mita, pande zote mbili, weka alama ya chaki kwenye sehemu nene kuliko zote, na utege kichwa kwa sehemu hiyo. Mipito ya kwanza miwili au mitatu visu vitagusa mahali pachache tu. Ni sawa, ndivyo inavyotakiwa.

Kina cha kukata kinafuata upana. Paini kavu ya milimita 100 inavumilia milimita 1.5 hadi 2. Mninga wa milimita 250 mpe nusu milimita, na mvule au mkongo wenye nyuzi zinazopishana usizidishe hapo hata kama mashine inaonekana kuweza. Angalia mkono wa mashine yako unashusha kiasi gani kwa mzunguko mmoja, 1.6 au 2 ni vya kawaida, ili robo mzunguko uijue kwa milimita na si kwa kukisia.

Unyevu: paini inayotoka Sao Hill, Mufindi, mara nyingi inafika dukani ingali na maji. Juu ya asilimia 20 maranda yanatoka kama nyuzi ndefu zenye kunata, yanajifunga kwenye rola, na utomvu unapaka kila kitu. Chini ya 15 ni salama. Asiye na kipima unyevu akate kipande cha sentimita 30, akipime kwenye mizani ya duka kila baada ya siku tatu. Uzito ukiacha kushuka, mbao imefikia ukavu wa hewa ya hapo.

Mbao iliyopinda kama mfereji iwekwe upande wenye shimo chini, ikae kwa kingo zake mbili. Iliyojikunja kama propela haifai kabisa kuingizwa hivyo ilivyo: inachezacheza, rola zinabana kona moja kisha nyingine, na ikipita itatoka na unene sawa lakini bado imejikunja. Isawazishe upande mmoja kwanza kwa randa ya mkono, au uilaze juu ya ubao ulionyooka na kuitia kabari ndogo chini ya kona zilizoinuka.

Kipande kifupi kuliko nafasi kati ya rola mbili kitaachwa na ya kwanza kabla ya kushikwa na ya pili, kitabaki chini ya visu kikitetemeka. Milimita 300 ndiyo kikomo cha chini kwa nyingi za mashine hizi. Ukilazimika, gundisha fito mbili ndefu ubavuni, zenye unene uleule, zitangulie na kubaki nyuma sentimita 15 kila upande. Zikishakauka pitisha, kisha uzikate.

Visu na maranda

Kisu butu hakikati, kinagonga. Nguvu ya kuirudisha mbao inapanda, na rola ambazo jana zilitosha leo hazitoshi. Ndiyo maana tatizo la kisu linaonekana kama tatizo la rola. Dalili huja mapema: nyuzi zinasimama kama manyoya, na badala ya maranda ya kujikunja unapata unga. Chomoa, mulika ncha kwa tochi kutoka juu. Ncha kali haiakisi mwanga. Ukiona mstari mweupe, huo ndio ubutu wenyewe.

Miti nayo haifanani. Mtiki una silika ndani yake, mvule unaweza kuwa na vijiwe vya chokaa vinavyong'oa meno kwenye kisu, na mnazi sehemu ya nje ni mgumu ajabu. Mbao zilizowahi kumwagiwa zege zisikaribie mashine hii hata ukizikwangua. Chembe moja ya mchanga inatosha.

Unapobadilisha visu, badilisha vyote pamoja. Safisha kitako cha kila kisu kwa spiriti, kwa sababu ukoko wa utomvu ulio mnene kama karatasi unainua kisu kimoja juu ya wenzake, na hapo kimoja kinafanya kazi ya wote. Kaza skrubu kuanzia katikati kwenda nje, kidogo kidogo, kisha zirudie zote.

Kama kisu kimoja kinafanya kazi peke yake, mbao itakuambia. Makita 2012NB ina visu viwili na mizunguko 8,500 kwa dakika, yaani mikato 17,000, ndani ya mwendo wa milimita 8,500. Kila mkato unatakiwa kuacha alama ya nusu milimita. Lalisha tochi juu ya mbao ili vivuli vionekane, weka rula, hesabu vijimistari ndani ya sentimita 1. Ukipata karibu 20, visu vyote vinakata. Ukipata 10, kimoja kinatalii.

Maranda yasipotoka yanarudi chini ya rola ya nyuma na kubanwa juu ya mbao. Utaona vishimo vidogo visivyo na mpangilio, halafu mbao inaanza kuteleza. Bomba la kutolea maranda la milimita 100 likipunguzwa hadi bomba la kifyonza vumbi cha nyumbani litaziba hasa kwa paini. Kama huna kifyonza kikubwa, afadhali uache maranda yaruke nje na uyazoe. Wafugaji wa kuku watayachukua.

Cheni na gia

Rola zote mbili zikisimama huku visu vinazunguka, na kuna mlio wa tik-tik, fungua kifuniko cha upande wa cheni. Ikisimama moja tu, angalia sproketi yake, gurudumu la meno linalovutwa na cheni: pini imekatika au kabari imetoka. Jino la gia lililolika linachongoka kama pezi la papa, na gia hiyo ibadilishwe pamoja na inayoshikana nayo.

Kinachokutwa zaidi ni uji mgumu wa grisi na vumbi. Uchokonoe, usafishe kwa brashi na mafuta ya taa bila kudondoshea rola, ukaushe, kisha grisi nyembamba kwenye gia tu. Ukiijaza, baada ya muda utachokonoa tena.

Umeme

Rola na visu vikipunguza mwendo kwa pamoja, hapo sasa ndipo mkanda na mota vinaingia. Harufu ya mpira ulioungua ni mkanda: utoe, uukunje, ukiona nyufa au mifereji iliyong'aa kama kioo, nunua mwingine. Cheche nyingi na nguvu inayokuja na kuondoka ni kaboni, yaani brashi mbili za kaboni zinazopeleka umeme ndani ya mota. Zikishuka hadi kama milimita 6, au zikifika alama ya kikomo, badilisha zote mbili.

Mashine ya wati 1,650 kwenye volti 230 inavuta ampea 7 na kidogo, na zaidi ikibanwa. Waya wa ekstensheni wa mita 30 wenye unene wa milimita mraba 0.75 unapoteza volti 10 hapo hapo, na kama umeme wa mtaa ulishashuka hadi 200, mota inafanya kazi ikiwa na njaa. Tumia waya wa 2.5, ukunjue wote usibaki umeviringishwa, na upime volti mbao ikiwa inakatwa, si mashine ikiwa bure.

Zile za Marekani za volti 120 ni ampea 15, yaani wati 1,800. Transfoma ya wati 1,000 itazungusha visu vizuri kabisa hewani na hata kupitisha ufito mwembamba, kisha ubao wa kwanza mpana unaganda na kuonekana kama tatizo la rola. Chukua ya 3,000, na urefu wa waya uuweke upande wa 230, kabla ya transfoma, ambako ampea ni nusu. Tofauti ya hezi 50 na 60 haizisumbui mota hizi za kaboni.